Geji ya presha ya dizeli kwenye pikapu ya zamani: ya mpira, ya umeme au ya vakyumu?

Kabla hujatoa hata mia ya geji fungua boneti kwanza uangalie pampu yako inapataje dizeli, inasukumiwa au inavuta yenyewe, maana hapo ndo wengi tunakosea. Mtu ananunua geji nzuri kabisa ya presha, anaifunga kwenye Land Cruiser ya injini ya 1HZ, anawasha gari mshale umelala sifuri, anasema kauziwa feki anarudi dukani kugombana, kumbe geji haina kosa, pale hapana presha ya kusoma.

Iko hivi. Pampu za dizeli za pikapu zetu za zamani ziko za aina mbili. Kuna ile ndefu, paipu za kwenda kwenye nozeli zimepangwa mstari mmoja juu yake, utaikuta kwenye Land Cruiser za zamani za 2H na 3B nyingi. Ubavuni mwa pampu hiyo kuna kapampu kengine kadogo kanaendeshwa na shafti ya pampu yenyewe, kanavuta dizeli toka kwenye tenki kanaisukuma ipite filta mpaka ifike pampu kubwa. Hapo kuna presha ya kweli, bar 1 mpaka 2 hivi ukikanyaga mafuta. Alafu kuna ile ya mviringo, fupi, paipu zinatoka nyuma yake zimezunguka kama vidole, mafundi tunaiita VE, ndo iko kwenye 1HZ na kwenye Hilux za 2L, 3L na 5L. Hii haina wa kumsukumia, ina pampu ya mapanga humo humo ndani inavuta dizeli kutoka tenki kupitia filta, kwa iyo paipu yote kuanzia tenki mpaka mlangoni kwa pampu iko kwenye mvuto, sio presha. Ile pampu ya mkono unayobonyeza juu ya filta ni ya kutolea upepo tu, ukishawasha gari haina kazi. Na usiangalie namba ya injini peke yake ukaamini, magari haya yamebadilishwa pampu sana, angalia kwa macho yako paipu zimekaaje.

Kwa nini nalikomalia hili? Miaka kadhaa nyuma pikapu yangu, HZJ75, ilianza kukosa pawa kwenye mlima. Tambarare inakwenda vizuri tu, ukifika mlima Kitonga na mzigo, gia namba tatu inaanza kukata, inashika, inakata, moshi hamna, ukisimama pembeni dakika tano inarudi kama hakuna kilichotokea. Fundi wa kwanza akabadilisha filta, haikusaidia. Fundi wa pili akaniambia pampu imekwisha, ishushwe ikafanyiwe ovaholi, na hela aliyotaja nilikaa chini. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta hiyo hela. Mzee mmoja wa mashine za kusaga ndo akaniuliza swali ambalo mafundi wote wawili hawakuuliza, umepima inavutaje? Akafunga geji ya vakyumu, yaani ya kupima mvuto, kati ya filta na pampu, tukapakia tofali tukaenda kutafuta kilima. Mshale kwenye sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, ulikuwa unakaa 5 hivi kwenye namba za inHg (inchi za zebaki, kipimo cha mvuto), tulipopanda na mzigo ukapanda mpaka 14 na gari ikaanza kukata hapo hapo, mbele ya macho yangu. Akahamisha geji akaiweka kabla ya filta, ikasoma karibu vile vile. Maana yake filta haina shida, pampu haina shida, kuna kitu kimeziba huko nyuma. Tuliposhusha tenki chujio la ndani lilikuwa limevaa koti la kutu na uchafu mweusi kama masizi yaliyolowa, ukiliminya kwa vidole linatoa ute. Tukasafisha, tukafungua na paipu ya chuma tukaipuliza kwa kompresa, gari ikapanda. Pampu ile mpaka leo haijaguswa.

Kwa iyo nikisema geji sisemi urembo wa deshibodi, nasema hela ya ovaholi.

Sasa tulinganishe. Geji ya mpira, ile ya kimakanika, hosi inatoka kwenye laini ya dizeli mpaka kwenye geji yenyewe na presha ndo inasukuma mshale. Nzuri yake ya kwanza ni kwamba haitaki umeme, haina sensa ya kufa, haidanganyi ukiwa na betri dhaifu au ethi (njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha gari) mbovu, na hapa kwetu unaipata kirahisi, nenda kwa wanaobana hosi za haidroliki au wauza spea za pampu za maji utakuta zile za mviringo za inchi mbili na nusu zimejazwa gliserini ndani. Chukua ya gliserini, usichukue kavu, maana kapampu ka pistoni kanasukuma dizeli kwa mapigo na mshale wa geji kavu utatetemeka mpaka usijue unasoma ngapi, na baada ya miezi meno ya ndani yanalika. Hata kwenye ya gliserini weka koki ndogo kabla ya geji, unaifungua kidogo tu mpaka mshale utulie, na siku hosi ikipasuka porini unaifunga unaendelea na safari. Hako kakoki ni bei ya soda kadhaa na mi siwezi kufunga geji ya mpira bila hako.

Ubaya wake ni mmoja ila ni mkubwa. Ukitaka kuisoma ukiwa unaendesha inabidi dizeli iingie ndani ya kabini, na hilo mi sikubali kabisa. Nimeona watu wanatumia kile kipaipu chembamba cha plastiki cha geji ya oili, kinapita kwenye tundu la bati bila mpira wa kuzuia, bati linakikata taratibu kila gari ikitikisika, siku kinakatika unamwagiwa dizeli miguuni uko spidi themanini na pedali zote zinateleza. Na kikikatikia upande wa injini dizeli inapuliza kwenye manifodi ya ekzosi, kama gari ina turbo ndo usiseme, pale panawaka. Kama unataka ya mpira ifunge chini ya boneti uisome umesimama, au wengine wanaifunga nje juu ya boneti karibu na kioo cha mbele, unaiona toka ndani ila dizeli inabaki nje. Inaonekana ya ajabu ajabu lakini inafanya kazi.

Geji ya umeme yenyewe ina sensa kwenye laini ya dizeli, waya tu ndo unaingia ndani. Hii ndo ya mtu anayeendesha masafa, unaona mshale muda wote, usiku ina taa, na kabini inabaki safi. Ila ina mambo yake na mambo hayo ndo yanafanya watu waichukie bila sababu. Sensa nyingi za bei rahisi zina waya mmoja tu, ethi inaipata kupitia nyuzi zake kwenye chuma ilipofungwa, sasa fundi anazungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba raundi kumi ili isivuje, ethi inakosekana, geji inasoma uongo, mtu anatupa sensa nzima. Au sensa imefungwa kwenye tii (kiungo cha njia tatu) inayoning'inia kwenye mpira, haigusi chuma cha gari popote. Vuta waya wa ethi toka kwenye mwili wa sensa mpaka kwenye injini, tumia gundi ya nyuzi kidogo badala ya tepu, shida imeisha. Jambo la pili ni volti. Baadhi ya hizi Land Cruiser za zamani zina mfumo wa 24, na ukifunga geji ya 12 kwenye 24 umeiua siku hiyo hiyo, pima na mita kwanza, usihesabu betri kwa macho maana betri mbili zinaweza kuwa zimeungwa kwa 12. Waya wa kuilisha utoe sehemu inayopata moto ukiwasha ufunguo, pitisha kwenye fyuzi ndogo, na hakikisha unapopita kwenye bati pana mpira wa tundu.

La tatu ni mapigo. Sensa ukiifunga moja kwa moja kwenye bolti ya banjo (ile yenye tundu ndani inayopitisha dizeli) pembeni ya pampu inapokea kila pigo na kila mtetemo wa injini, haikai. Ifunge mbali kidogo kwenye bodi, iunganishe kwa hosi fupi ya haidroliki na ile koki ndogo katikati. Hili walijifunza kwa uchungu wenye Dodge Ram za injini ya Cummins 5.9 ya valvu 24, zile za kuanzia katikati ya 1998 mpaka 2002. Shemeji yangu yuko Texas anayo moja na huko geji ya presha ya dizeli sio hiari kabisa. Pampu yake inaitwa VP44, inapozwa na kulainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake, na ya kuisukumia ni kapampu ka umeme kaliko ubavuni mwa injini. Kale kapampu kakichoka gari haikwambii kitu, inawaka, inavuta trela kama kawaida, kumbe VP44 inakaa na njaa inakufa kidogo kidogo, na ikifa gharama yake ni kubwa kuliko geji kumi. Wenyewe wanataka mshale usishuke chini ya psi 10, wakiona unaelekea 5 ukiwa umekanyaga wanabadilisha kapampu kabla hakajala kakubwa. Kwa gari kama ile nakwambia chukua ya umeme ndani ya kabini bila kufikiri mara mbili, maana unachotafuta ni kuona kushuka wakati unapanda na mzigo, geji ya chini ya boneti haikusaidii.

Kitu kingine cha geji za presha, za mpira na za umeme zote, angalia mwisho wa namba. Watu wanachukua geji ya oili inayoishia bar 10 kwa sababu ndo iliyopo dukani, sasa presha yako ni bar 1, mshale unanyanyuka kidogo tu pale chini, ikishuka nusu utaionaje? Chukua inayoishia bar 2 au bar 4 kwa hizi za kapampu, yaani psi 30 mpaka 60, bar moja ni psi 14.5 ukitaka kubadili.

Sasa ya vakyumu, ambayo ndo ya wengi wetu maana 1HZ na Hilux ndo zimejaa. Geji zenyewe ziko rahisi, ile ya mafundi wanaopimia injini za petroli inatosha, inasoma sifuri mpaka 30 inHg. Ziko pia zile mchanganyiko zinazoanzia hasi 1 zinapita sifuri zinakwenda mpaka bar 3, hizo nazipenda kwa fundi anayehudumia magari ya aina zote, ila kwa mwenye gari moja namba zake ni za kubanana. Kuna wanaoazima ile geji ya bluu ya fundi friji, ni kweli inasoma vakyumu na ni nzuri, lakini usitumie hosi zake, ukimrudishia zina dizeli ndani umemharibia kazi, atajaza gesi kwenye friji ya mtu na dizeli iingie humo.

Tofauti kubwa ya kuelewa hapa ni hii. Kwenye laini ya presha ukifunga vibaya dizeli itadondoka utaiona chini, utakaza. Kwenye laini ya mvuto ukifunga vibaya hakuna kitakachodondoka gari ikitembea, itavuta upepo, asubuhi utapiga stata mpaka betri ilie, utabonyeza pampu ya mkono ndo iwake, na mtu hatakumbuka kwamba ni ile geji ya wiki iliyopita. Kila tii, kila klipu na kila hosi unayoongeza kwenye mvuto ni mlango mpya wa upepo. Kwa hiyo kwa hizi za VE msimamo wangu ni tofauti na watu wengi, geji ya vakyumu pima nayo kisha itoe. Funga kwa tii, hosi ngumu ya dizeli isiyosinyaa (ule mpira laini wa maji unajikunja ndani ukivutwa, unakusomea uongo), klipu mbili kila upande, zunguka nayo siku moja na mzigo, andika namba, toa, rudisha paipu yako ya asili. Rudia ukiona pawa inapungua. Kama lazima ikae ya kudumu basi iwe kwenye bolti ya banjo iliyochongwa vizuri na washa mpya za shaba pande zote mbili, sio tii ya shaba ya bomba la maji.

Na ukifungua banjo za VE tafadhali usichanganye bolti. Ile ya kuingilia na ile ya kutokea zinafanana kwa nje, nyingi za kutokea zina neno OUT kwenye kichwa, na ndani ina kitundu kembamba kama cha sindano. Kale katundu ndo kanafanya presha ya ndani ya pampu ijengeke na muda wa kupuliza dizeli uwahi kadri injini inavyozunguka kasi. Ukiibadilisha ukaiweka kwenye mlango wa kuingilia, pampu inapata dizeli ya kudondosha, gari haiwaki au inawaka inakufa, na hapo ndo utaambiwa tena pampu imekwisha. Ukitaka kuchongesha bolti yenye nafasi ya geji peleka ile ya zamani kwa fundi mwenye lathe apime nyuzi, usikisie.

Kusoma kwenyewe hakuna uchawi. Kwa gari inayovuta, geji ikiwa kati ya filta na pampu na mshale ukapanda sana unapokanyaga, kuna kizibo, ihamishe kabla ya filta, ukishuka basi ni filta, ukibaki juu ni tenki au paipu au kikombe cha kutenganisha maji na dizeli. Mshale ukikaa karibu na sifuri na gari inasumbua kuwaka, inavuta upepo mahali. Kwa gari inayosukuma ni kinyume, kabla ya filta presha ipo na baada yake imepotea ni filta, zote mbili ziko chini ni kapampu au kizibo huko nyuma.

Wapo wanaoweka pampu ndogo ya umeme kwenye 1HZ ili isaidie kusukuma, hasa wenye matenki marefu ya nyuma. Mi siko kinyume nao, ila chukua ile ndogo ya psi 4 mpaka 7, usiweke ya gari ya petroli ya kisasa inayosukuma bar 3, utabadilisha presha ya ndani ya pampu na muda wake utaharibika. Na ukishaiweka hiyo basi gari yako imehama kundi, sasa inasukumiwa, hapo geji ya umeme ya psi 0 mpaka 15 ndani ya kabini ndo mahali pake, kwa sababu ile pampu ikifa itakuwa yenyewe ndo kizibo.

Kwa iyo mwenye 2H au 3B ya pampu ndefu, anayezunguka shamba na mjini, mi ningempa ya mpira ya gliserini bar 4 chini ya boneti na koki yake, basi, itakaa miaka. Mwenye hiyo hiyo lakini anapiga safari za milima ya Sekenke na Kitonga kila wiki, ya umeme. Mwenye 1HZ au Hilux asiye na pampu ya kusaidia, vakyumu ya kupima na kutoa, na ukiwa na majirani wawili wenye gari kama yako nunueni moja mchangie, haikai kwenye gari muda wote.

Chochote utakachochukua, siku ya kwanza pima filta ikiwa mpya na tenki likiwa safi, sailensa ngapi, ukikanyaga ngapi, kwenye mlima na mzigo ngapi. Namba ya gari yangu sio ya gari yako, urefu wa paipu tu unabadilisha. Mi yangu nimeiandika kwa maka peni ndani ya boneti, filta mpya, sailensa 2, mlimani 4, na tarehe, kila fundi anayefungua anaiona kabla hajagusa pampu.